Kuteleza kwa Hiari: Anayeanza Michezo ya Barafuni Achague Upi?

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nimeitumia methali hiyo katika insha tangu shule ya msingi, lakini maana yake nilikuja kuionja mwaka 2018, na ulimi uliojikwaa ulikuwa wangu.

Binti wa mjomba wangu alikuwa na umri wa miaka 19. Kwa miaka minne mfululizo alikuwa akiteleza kwa viatu vya magurudumu katika barabara za mtaa wao jijini Nairobi, kila Jumapili magari yalipopungua. Mwaka huo picha za vijana wa Kenya wanaocheza magongo juu ya barafu zilienea duniani kote, naye alipoziona katika simu yake alinijia mbio. “Kaka, nataka kuanza mchezo huu,” aliniambia. Mimi, nikijiona msomi na mjuzi wa kila jambo, nilimjibu kuwa magongo ni mchezo wa wanaume wa miraba minne. Nilimshauri achague ule mchezo mwingine wa barafuni anaouona runingani, wa mabinti wanaozunguka kama pia huku muziki ukipigwa. Alinitii. Alidunduliza pesa, akaagiza viatu vya mtumba kutoka ng'ambo, akaenda barafuni mara tano. Mara ya sita hakwenda. Viatu vile vimo sandukuni chini ya kitanda chake hadi leo.

Mwezi uliopita mdogo wake wa kiume, ambaye sasa ametimiza miaka 18, aliniuliza swali lilelile. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa kiasi fulani ni ombi la radhi kwa dada yake. Msimamo wangu nautaja mapema. Anayeanza asichague mchezo wa barafuni kwa kuutazama uzuri wake runingani, wala asichaguliwe kwa jinsia yake. Apime mambo manne: barafu iliyo karibu naye, mwili wake na mazoea yake, wenzake, na mfuko wake. Kwa kijana wa Nairobi aliyekwisha kubaleghe, mizani hiyo aghalabu huelemea upande wa magongo.

Kabla ya kusonga mbele, sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kulitazama neno lenyewe. Katika lugha yetu kuteleza ni ajali. Mtu huteleza matopeni, sahani huteleza mkononi, na ulimi nao huteleza barazani. Ni nadra mtu kupanga miadi ya kuteleza kesho saa nne asubuhi. Michezo ya barafuni imelichukua tendo la bahati mbaya na kuligeuza kuwa tendo la hiari, tena lenye sheria na waamuzi. Nilipomshauri binti wa mjomba, nilikuwa na kitenzi kimoja tu cha kubeba michezo mitatu iliyo mbali kama mbingu na ardhi. Kwangu yote ilikuwa “kuteleza”, na tofauti pekee niliyoiona ilikuwa ya mavazi. Umaskini wa istilahi ukazaa umaskini wa ushauri. Ndiyo maana katika makala haya nitatumia majina matatu: mtelezo wa madoido, mbio za barafuni, na magongo ya barafuni.

Wapo watakaoniuliza barafu inatuhusu nini. Neno barafu lilitufikia kutoka Kiajemi kwa njia ya lugha za Bara Hindi, na neno theluji ni mgeni kutoka Uarabuni. Lakini kilele cheupe cha Kilimanjaro kilikuwapo kabla ya maneno yote mawili. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann alipoandika kwamba amekiona kilele hicho kimefunikwa na theluji karibu na ikweta, wataalamu waliokaa London walimdhihaki. Aliyeonekana mjinga ndiye aliyesema kweli. Siku zetu hizi, mwaka 1998, Philip Boit aliiwakilisha Kenya huko Nagano, Japani, katika mashindano ya kuteleza thelujini. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe alimngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Mwaka 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa ndani ya jengo la Panari Sky Centre, kando ya Barabara ya Mombasa. Kutokana na uwanja huo ilizaliwa timu ya Ice Lions. Kwa kuwa haikuwa na timu nyingine nchini ya kushindana nayo, mwaka 2018 ilialikwa Kanada, ambako wachezaji mashuhuri Sidney Crosby na Nathan MacKinnon walivaa jezi zake na kucheza upande wake. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la magongo ya barafuni. Anayesema barafu si yetu amechelewa.

Sasa tuitazame michezo yenyewe, na njia nyepesi ya kuitofautisha ni kuanzia miguuni.

Kiatu cha mtelezo wa madoido kina shingo ndefu na ngumu inayokishika kifundo cha mguu. Chuma chake kimepinda kidogo kutoka mbele hadi nyuma, na upande wa chini kimechimbwa mfereji mwembamba, hivi kwamba kina makali mawili, ya ndani na ya nje. Kwenye ncha ya mbele kuna meno. Meno hayo humsaidia mtelezaji kuruka na kuzunguka, lakini kwa mgeni ni mtego. Aliyezoea magurudumu hujisukuma kwa ncha ya mguu na kuegemea mbele. Akifanya hivyo kwa kiatu cha madoido, meno hung'ata barafu, naye huanguka kifudifudi. Hilo ndilo lililompata binti wa mjomba mara tano, na mara zote tano alidhani kosa ni lake.

Mchezo huu una historia ambayo jina lake la Kiingereza huificha. Asili ya jina hilo si umbo la mwili wa mtelezaji bali michoro. Hapo zamani mshindani alipaswa kuchora miduara na tarakimu ya nane juu ya barafu kwa makali ya kiatu chake, na waamuzi waliinama kuikagua mistari. Sharti hilo liliondolewa katika mashindano ya kimataifa mwaka 1990, yakabaki maruko, mizunguko na nyendo za muziki. Maruko mengine yana majina ya waliyoyabuni: Axel Paulsen wa Norwe aliuonyesha wake mwaka 1882, na Ulrich Salchow wa Uswidi mwaka 1909. Ruko la Axel ndilo pekee kati ya yale makuu ambalo mchezaji huliingia akitazama mbele, na kwa sababu hiyo huhitaji nusu mzunguko zaidi ya mengine. Mwaka 2022 Mmarekani Ilia Malinin alikuwa wa kwanza kulitimiza kwa mizunguko minne na nusu mashindanoni. Aidha, umo ndani ya mchezo huu mtelezo wa jozi, na hata dansi ya barafuni, ambayo iliingia katika Olimpiki mwaka 1976.

Mbio za barafuni zina kiatu cha namna nyingine. Chuma chake ni kirefu, chembamba, na hakina mfereji wala meno. Mbio hizi ni za aina mbili. Katika duara refu, uwanja una mita 400, na washindani hukimbia wawili wawili, kila mmoja katika njia yake, huku wote wakishindana na saa. Huko hutumika kiatu chenye bawaba mbele, ambacho huruhusu kisigino kuinuka huku chuma chote kikiendelea kugusa barafu. Kilienea kuelekea Olimpiki ya mwaka 1998 na kikazivunjilia mbali rekodi za zamani. Katika duara fupi, ambalo lina mita 111.12, washindani hukimbia kwa pamoja, hugombania kona na huangushana. Mwaka 2002 huko Salt Lake City, Steven Bradbury wa Australia alikuwa wa mwisho katika fainali ya mita 1,000. Kwenye kona ya mwisho wote wanne waliokuwa mbele yake walianguka, naye akapita akiwa wima na kutwaa dhahabu. Katika mchezo huu, aliye juu mngoje chini si kitendawili.

Magongo ya barafuni nayo hutumia kiatu kigumu chenye chuma kifupi kilichopinda mbele na nyuma, chenye mfereji lakini kisicho na meno. Mchezaji anaweza kugeuka ghafla, kurudi kinyumenyume na kusimama kwa kukilaza kiatu upande. Kila timu huwa na wachezaji sita barafuni, pamoja na mlinda lango. Wanachogombania si mpira bali kisahani cheusi cha raba chenye uzani wa kati ya gramu 156 na 170. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na wachezaji hupokezana kila baada ya muda mfupi, kwa maana hakuna mapafu yawezayo kustahimili kasi ile kwa kipindi kizima.

Baada ya kuijua michezo yenyewe, hebu tuirudie mizani yetu.

Jambo la kwanza ni barafu. Anayetaka mbio za duara refu sharti apate uwanja wa mita 400, na Nairobi haina. Duara fupi huhitaji uwanja wa mita 60 kwa 30 wenye kuta zilizowekwa magodoro mazito, maana anayeanguka kwa kasi ile hugonga ukuta. Uwanja wetu ni mdogo kuliko kipimo hicho. Mtelezo wa madoido huhitaji nafasi tupu: anayejifunza ruko hawezi kulifanya katikati ya watoto wanaoshikilia ukuta. Magongo peke yake hukubali kupunguzwa. Watatu kwa watatu waweza kucheza kwenye barafu finyu, na mchezo ukabaki mchezo.

Jambo la pili ni mwili na mazoea. Samaki mkunje angali mbichi. Wengi wa mabingwa wa madoido walianza wakiwa watoto wadogo, kabla ya mwili kujifunza kuogopa. Hii si sababu ya kumzuia mtu mzima kujifunza madoido kwa furaha yake, bali ni sababu ya kumweleza ukweli. Kwa upande mwingine, miguu iliyozoea magurudumu ni mtaji. Erin Jackson wa Marekani alikuwa mtelezaji wa magurudumu. Alihamia barafuni, na baada ya miezi michache tu akafuzu kushiriki Olimpiki ya mwaka 2018. Mwaka 2022 aliteleza katika mchujo na kukosa nafasi. Mwenzake Brittany Bowe akamwachia yake, na huko Beijing akashinda dhahabu ya mita 500, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya binafsi katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alichagua mchezo uliokubaliana na miguu aliyokuwa nayo. Sisi hatuna duara lake, lakini chuma kisicho na meno tunacho, nacho ni cha magongo.

Jambo la tatu, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni wenzi. Mcheza kwao hutuzwa. Mtelezo wa madoido, hasa wa mmoja mmoja, ni safari ya upweke kati ya mwanafunzi na mwalimu wake. Pasipo mwalimu, mwanafunzi hubaki na runinga. Binti wa mjomba alikuwa akizunguka peke yake pembeni, ilhali kikundi cha magongo kilikuwa kikisubiri zamu yake. Kikundi kile kilikuwa na vijana wa kike na wa kiume, na kila aliyejua jambo alimfundisha asiyejua. Nilimtoa kwenye ngoma yenye watu nikamtuma kwenye ngoma isiyo na mpigaji.

Jambo la nne ni mfuko, na hapa naona wapinzani wangu wakinyanyua mikono. Watasema kwamba magongo yana gharama kuliko madoido: kofia ngumu, glavu, kinga za magoti, za viwiko na za mabega, na gongo lenyewe. Ni kweli, anayenunua yote peke yake atafilisika. Lakini vifaa vya magongo huazimwa na kupokezanwa, kwa sababu ni mchezo wa kundi. Viatu vya madoido huuzoea mguu wa mwenyewe, na malipo ya mwalimu hayagawiki kwa watu kumi.

Watasema pia kwamba magongo yana hatari. Hatari ipo. Lakini mchezaji wa magongo huanguka akiwa amevaa kofia na kinga, na sheria za magongo ya wanawake huzuia kugongana kwa makusudi. Sheria hizo zaweza kutumiwa na kikundi chochote cha wanaoanza. Ama kuhusu dai langu la zamani kuwa huo ni mchezo wa wanaume, sina cha kujitetea. Magongo ya wanawake yaliingia katika Olimpiki mwaka 1998, miaka 20 kabla ya mimi kutoa ushauri wangu. Sikulijua hilo, na sikuuliza.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba madoido ndiyo mama wa ustadi wote wa barafuni, kwa kuwa humfundisha mtu kuyatawala makali ya ndani na ya nje, na kwamba hata wachezaji wa magongo hutafuta walimu wa madoido ili wajirekebishe. Hoja hii naikubali nusu. Ustadi wa makali ni wa lazima, lakini haumlazimishi anayeanza kujitia katika mchezo mzima. Pendekezo langu ni kwamba katika wiki za mwanzo asichague mchezo wowote. Akodi viatu, asinunue. Ajifunze kwanza kuanguka: apinde magoti, ajilaze ubavuni kwa paja na nyonga, akunje ngumi ili vidole visikanyagwe, kisha ainuke kwa kupiga goti. Baadaye ajifunze kusimama kwa kutanua visigino nje hadi vyuma vikwangue barafu. Halafu ateleze kwa mguu mmoja, mara kwa makali ya ndani, mara kwa makali ya nje, kulia na kushoto. Anayeweza hayo ana haki ya kuuliza swali la mchezo upi. Asiyeyaweza, swali lake bado ni bichi.

Aliye na mtoto mdogo, mwalimu, na barafu pana apeleke mtoto kwenye madoido bila wasiwasi. Ndugu zetu wanaoishi Kanada au Uholanzi wana viwanja vya kila namna, na mizani yao yaweza kuelemea kwingine. Mholanzi atawaelekeza kwenye mbio kabla hawajamaliza kuuliza. Nami sisemi kwamba magongo ni bora kuliko madoido. Nasema kwamba ushauri mwema huanzia alipo anayeshauriwa, wala hauanzii alipo bingwa wa runingani.

Wana-Kiswahili wenzangu, tuna deni katika jambo hili. Vijana wetu wameingia barafuni, na wanazungumza huko kwa maneno ya kuokota. Kisahani, mtelezo, makali ya nje, duara fupi: haya ni maneno niliyoyaunda au kuyaazima nikiwa mezani, na huenda wachezaji wenyewe wana yaliyo bora. Ingefaa chama chetu kiende uwanjani na daftari, kisikilize kabla ya kusanifisha. Ningalikuwa na istilahi tatu mwaka 2018, pengine ningalijua kwamba binti wa mjomba aliniuliza swali moja nami nikamjibu jingine.

Mdogo wake nimemwambia akodi viatu visivyo na meno, aende siku ambayo kikundi cha magongo kinafanya mazoezi, na amwombe dada yake waende pamoja. Dada yake bado hajajibu. Wahenga husema kujikwaa si kuanguka, nami namwomba aamini kwamba siku zile yeye hakuanguka. Kilichomwangusha ni kiatu nilichomchagulia mimi.